Mizani ya Wajawazito

Mizani iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya wajawazito. Ile ya wodi ya wanawake ilikwama zamani, mshale wake unabaki palepale uipande usiipande, na ya chumba cha daktari ilichukuliwa kwenda kutengenezwa na haikurudi. Kwa hiyo kila mwezi, mimi nisiye na mtoto wala mimba, nilipanga foleni kliniki ya mama na mtoto, katikati ya matumbo ya wenzangu. Nesi alituita sote mama. Mama njoo, mama vua viatu, mama simama wima usishike ukuta. Wenzangu walishuka wanatabasamu wakiambiwa wameongezeka. Mimi nilipanda nikiwa nimefumba macho, namwomba Mungu niambiwe nimepungua.

Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Daktari alinieleza bila kuzunguka: uvimbe hutolewa, na ukiwahiwa kizazi kinabaki na mtoto anaweza kupatikana. Ila mwili wangu ulikuwa mkubwa mno na presha iko juu, na katika hali ile hathubutu kunipa dawa ya usingizi, nisije nikalala moja kwa moja. Zitoke kilo kumi na tano, presha ishuke, ndipo anipasue. Halafu akaongeza, akiwa ananawa mikono amenipa mgongo, kwamba nisikawie, maana uvimbe nao haulali. Ukikua sana atalazimika kutoa vyote, uvimbe na kizazi.

Nilitoka pale nikiwa nimeelewa jambo moja, kwamba nakimbizana na kitu kilicho ndani yangu mwenyewe. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mama yangu alizaa wana wa kiume, mmoja yuko Turiani kwenye miwa, mwingine anauza vitunguu njia panda ya Dumila, na wote wana watoto, lakini watoto wale ni wa koo za mama zao. Binti nilikuwa mimi peke yangu. Nisipozaa, nyumba ya mama yangu inafungwa.

Ilikuwa miaka ya soko huria na mimi nilikuwa fundi cherehani hapo mjini Morogoro. Zamani nilikuwa nashona magauni ya harusi na ya Idi, watu wanaleta vitambaa wiki nyingi kabla. Mitumba ilipomwagika minadani, nani tena ashone? Kazi iliyobaki ilikuwa kupunguza. Watu walinunua magauni ya Wazungu wanene wakaniletea niyabane mbavuni. Mume wangu naye alikuwa amepunguzwa kiwandani, yeye na nusu ya zamu yake. Nilimwambia kwamba nyumba nzima sasa tumo kwenye kupunguzwa, hakucheka. Na kitu kilichoniuma zaidi ni sukari. Miaka yote ya foleni na vibali, sukari ikiwa adimu kama dhahabu, mimi nilinenepa tu. Sasa maduka yamejaa sukari, siagi ya kopo, mafuta ya rangi zote, ndipo nakatazwa. Niliwahi kusimama mbele ya duka la Mwarabu nikilitukana kopo la siagi kimoyomoyo.

Niliacha chai ya sukari, nikaacha nazi, nikaacha vitumbua vya asubuhi ambavyo nilivipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Ugali nilikula wa kukisia kwenye kiganja. Usiku njaa ilinilaza upande mmoja ikaniamsha upande wa pili. Na kwa kuwa mizani ni ya mara moja kwa mwezi, na mwezi ni mrefu kwa mwenye roho mkononi, nilijitafutia vipimo vyangu vya katikati. Kanga ya kuogea, ambayo ncha zake zilikuwa zikionana kwa shida kifuani, ilianza kupita na kurudi upande wa pili. Bangili ilipanda mpaka karibu na kiwiko. Pete ya ndoa niliihamishia kidole cha kati, kisha nikaifunga uzi. Nikiinama kuokota sindano niliokota na kuinuka bila kushika meza. Mambo madogo kama haya yalinipa raha ya ajabu, nikawa nayarudia bila sababu, naiangusha sindano makusudi.

Kipimo kimoja kilinikatalia, nacho ni kile nilichokivaa shingoni kutwa nzima. Futi yangu ya ufundi. Nilijipima mabega, yamepungua. Mkono, umepungua. Kifua, kimepungua mpaka nikajionea huruma. Nikishuka tumboni, futi inasoma ilivyosoma mwezi uliopita. Niliipima tena nimesimama, nikaipima nimebana pumzi. Nikajiambia tumbo ni kaidi, litafuata. Mizani ilikuwa inanipa habari njema na futi inaninunia, kwa hiyo nikaamini mizani, na futi nikaacha kuipitisha pale.

Kipimo kingine sikukitafuta, kilikuja chenyewe. Miaka ile hakuna aliyekonda kwa hiari. Mtu akianza kutoka mifupa ya mabega, watu hawamuulizi anakula nini, wanamuuliza mumewe anasafiri wapi. Walisema amekanyaga miwaya, yaani ana ukimwi, na hapo habari imekwisha. Jirani yangu, shoga yangu wa siku zote, tulikuwa tunakula sinia moja barazani kila mchana, mimi naweka mboga yeye analeta ugali. Kwanza akaanza kusema ameshiba. Baadaye akaja na sahani yake na kijiko chake, akakaa kwenye kigoda badala ya mkeka. Nikamweleza habari ya uvimbe, ya daktari, ya presha, vyote. Akatikisa kichwa polepole kwa upole mwingi. Alikuwa ameshasikia maneno ya namna ile kwa watu wengi. Kila aliyekuwa akiisha wakati ule alikuwa na jina la ugonjwa mwingine, huyu kifua, yule malaria sugu, yule amelogwa na wifi zake, na wote walizikwa.

Ndipo nikaanza ujinga wangu. Nilivaa sketi mbili chini ya gauni, baadaye tatu, na kanga juu yake, ili mtaani nionekane na mwili. Siku ya kliniki navivua vyote chooni hospitali nikavikunja kwenye mfuko, nikapanda mizani mwepesi. Nikitoka navivaa tena. Mume wangu naye, kwa kuwa walianza kusema hanilishi au amenipa yeye, alinunua nyama kila alipopata kibarua na kuining'iniza mkononi bila kuifunga, akapita nayo mtaa mzima taratibu akisalimia watu. Nyama ile nilimpikia na akaila peke yake. Akanenepa. Watu wakasema mnaona, mwanamume anapona, mke anakwenda.

Nilicheka siku ile na nikalia siku ileile. Nilikuwa nimechoka. Sikuwa nalala vizuri, sikuwa nashiba, hakuna aliyekula na mimi, na kila nilipofaulu watu waliniaga kwa macho.

Mama sikumwambia kitu. Mwili ule ulikuwa kazi ya mikono yake. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, nikawa mwali, nikalishwa ndizi na magimbi na karanga za kutwanga, nikibakiza tonge kungwi ananitazama mpaka nalimaliza. Shanga za kiunoni mama alizitunga mwenyewe. Zikibana anafungua, anaongeza, anafunga tena, na kila zilipobana alifurahi. Siku ya kutolewa nje nilibebwa mabegani, wabebaji wakalalamika uzito, na mama aliyafurahia malalamiko yale kuliko zawadi zote. Mwanamke mwenye mwili ndiye anayezaa. Hivyo ndivyo alivyofunzwa. Sasa nipande mlimani nikamwambie kwamba daktari anataka niufute ule mwili ndipo nizae? Nikanyamaza, nikasema nitapanda nikiwa na mtoto mgongoni.

Nilisahau kwamba wanawake wa kwetu wanashuka kila siku na ndizi na mboga sokoni, na wana macho.

Asubuhi moja niko barazani kwenye cherehani nikamwona mjomba anaingia uani, na nyuma yake watoto wawili wa mama mdogo, wanaume wazima, wamebeba machela. Miti miwili na blanketi limeshonewa katikati. Nilikuwa fundi hata katika shida, nikaona kwamba mshono ule usingefika popote na mtu wa uzito. Nikainuka nikamwamkia mjomba. Hakuitikia. Alikuwa anachungulia mlangoni akimtafuta mgonjwa.

Nilipomwambia mgonjwa ni mimi kama yupo, alinitazama mikono, akanitazama shingo, ndipo akaitikia marahaba kwa sauti ya msibani.

"Tumekuja kukuchukua, mama," akasema. "Mtu wa kwetu haugulii kwa watu."

Kila Mluguru anajua maana yake. Haugulii kwa watu, yaani hafii kwa watu, anazikwa kwao. Mume wangu alisimama mlangoni na mdomo wake, hakuutumia, maana mbele ya mjomba neno lake halikuwa na uzito. Niliwaka hasira. Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie kwamba nimefanya kazi ngumu kuliko yoyote niliyowahi kufanya, kwamba hizi si dalili, haya ni matunda. Lakini humpigii mjomba kelele. Nilifunika cherehani, nikachukua kanga, nikawaambia nakuja kumwona mama yangu na nakuja kwa miguu.

Kwa hiyo tulipanda vile, mimi mbele, machela tupu nyuma yangu. Tulipita Bigwa tukaanza kukwea. Wanawake waliokuwa wanashuka na mikungu waliiona machela kwanza, wakaweka mizigo chini, wakasogea pembeni ya njia kwa heshima, kisha wakatafuta aliyelala wasimwone, kisha wakaniona mimi. Wakasema pole. Waliniambia mimi pole, nikiwa natembea. Nikaitikia nimeshapoa, na hasira ikanisukuma mbele.

Njia ile ina mahali pake pa kupumzika: kwenye kivuko cha mto, kwenye jiwe la bapa, na pale migomba ya kwanza inapoanza. Tangu niolewe nilipumzika pote na bado nikatafuta pa kuongeza. Nilikuwa nafika kwa mama nimelowa, siwezi kusalimia, nanyoosha mkono tu niletewe maji. Siku ile nilivuka mto nikapita. Jiwe nikalipita. Kwenye migomba nikageuka kuwatazama, nikamkuta mjomba ameshika kiuno na wale wawili wameitua machela chini. Waliokuja kunibeba ndio waliokuwa wanahema. Nilijisikia mwanamke wa ajabu. Nilisema kwa sauti, peke yangu, kwamba hiki ndicho kipimo, hiki hakuna atakayenibishia.

Nikaingia uani kwa mama na fahari ile usoni. Uani walikuwa wamekaa wanawake kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, kanga vichwani. Hapakuwa na aliyekufa. Walikuwa wananisubiri mimi. Mmoja aliponiona nimesimama aliweka kiganja mdomoni. Fahari yangu iliishia pale, sikuwa na pa kuiweka.

Mama alinishika mkono akaniingiza ndani, kwenye chumba kilekile nilichokaa mwali, akafunga mlango. Akanivua gauni, kisha sketi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiziweka kitandani moja moja, na nilipobaki na kanga akanitazama juu mpaka chini. Halafu akatoa mkebe wa maziwa chini ya kitanda. Humo mlikuwa na shanga zangu za ule mwaka wa kutolewa nje, uzi wa mwisho, ule mrefu kuliko zote. Alizihifadhi kwa ajili ya binti nitakayemzaa. Akanizungushia.

Hazikukutana. Mgongoni paliingia vidole, mbavu zilikuwa zinahesabika, lakini mbele shanga zilipanda juu ya tumbo zikagoma, ncha huku na ncha kule. Mama akavuta kidogo, akaacha. Mkono wake ukabaki pale tumboni, umefunguka, unasikiliza.

"Mwanangu," akasema, "unayekonda ni wewe. Hicho kilichomo humo hakikondi."

Nililia nikamweleza yote, uvimbe, kilo, presha, daktari, mizani ya wajawazito. Nilimweleza mpaka habari ya kopo la siagi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sijui aliamini kiasi gani, ila alitoka akawaambia wanawake wa uani warudi majumbani kwao, binti yake hafi leo. Akarudi na sinia. Ugali wa moto na kuku wa kienyeji, mchuzi wake una nazi, mafuta yanaelea juu. Nikamwambia mama siwezi, mizani ni wiki ijayo, nimebakiza kidogo tu. Akanawa mikono, akakata tonge, akalichovya, akanipa mkononi kama alivyonipa nikiwa mwali.

"Kula. Usikiache kile kikawa kinakula peke yake."

Nikala. Nilikula nikiwa nalia, pua inatoka, jambo lisilo na adabu mbele ya chakula, na mama hakunikemea. Kwa miezi mingi ndiyo mara ya kwanza mtu kuingiza mkono wake kwenye sinia langu. Sikujua nilikuwa na njaa ya nini zaidi.

Nilishuka mlimani nikiamini nimeharibu kila kitu. Siku ya kliniki nilikaa kwenye benchi na wale wenye matumbo, nikamwambia nesi kabla sijapanda kwamba nilikwenda kwetu nikalishwa. Akasukuma chuma chake kwenye upau, akakirudisha nyuma kidogo, akakirudisha tena. Kilo kumi na tano zilikuwa zimetoka, na nyingine juu yake. Nesi alipiga vigelegele. Wajawazito, ambao tulishazoeana kwa foleni, nao wakapiga, mmoja akanikumbatia na tumbo lake likagonga langu. Siku ile niliwapenda wote. Nilikwenda chumba cha daktari nikiwa karibu kukimbia.

Alinipima presha, imeshuka. Akanipongeza, akasema ni wachache wanaofika. Kisha akanilaza akaniwekea mikono tumboni, na mikono ile ilikaa kimya vilevile kama ya mama. Akaniuliza kama tumbo nimekuwa nikilipima. Nikamwambia nina futi, mimi ni fundi, tumbo halijasogea. Akasema mwili wote ukipungua na tumbo lisisogee, basi ndani kuna kilichokuwa kinaongezeka. Nilikuwa nalijua hilo. Futi iliniambia, nami nikanyamaza nayo. Alisema atanipasua wiki ileile na atajitahidi.

Nilipoamka mama alikuwa kando ya kitanda na mume wangu miguuni. Daktari alikuja asubuhi akaniambia waziwazi kwamba uvimbe ulikuwa umeshika kila mahali, na ili nipone alitoa vyote. Akasema nisingepungua vile, mezani nisingeamka, kwa hiyo kazi yangu haikwenda bure. Nilimsikia vizuri. Alikuwa anasema kweli na sikuweza kumshukuru, wala sikutaka. Nilitaka anirudishie kilo zangu zote, presha yangu yote, na miezi ile aliyonipa ya kuhangaika, anirudishie na kile alichokitoa, kiwe kibovu vilevile.

Mume wangu alitoka nje akakaa kwenye ngazi za wodi mpaka jua likapanda. Mama hakutoka. Alikuja na shanga amezifunga kwenye ncha ya kanga, nafikiri alikuja nazo kwa matumaini, na sasa alikuwa anazifinyafinya kupitia kitambaa, hazitoi. Hakulia mbele yangu. Aliniinamia akaniambia.

"Sasa kula."

Nikala. Hapakuwa tena na wa kunikataza. Nilirudi kwenye vitumbua, nikarudi kwenye nazi, nikanunua lile kopo la siagi nikalipaka mkate hadi likaisha. Sikuwa nasikia ladha, nilikuwa najaza. Mwili ulirudi haraka, mashavu kwanza, halafu mikono, halafu tumbo, ambalo halikuwa na kitu ndani ila lilisimama mbele lenyewe. Pete ikarudi kidole chake. Zile sketi za ziada nikazifumua, nikatumia kitambaa kutia viraka. Futi ilikuwa shingoni na sikuipitisha popote mwilini mwangu, niliwapima watu wengine tu.

Mchana mmoja nimekaa mkekani barazani na sinia langu la wali, nikamwona shoga yangu anavuka uwanja. Hakuja na sahani. Hakuja na kijiko. Alivua ndala, akakaa mkekani magoti yake yakigusa yangu, akanitazama uso, akanitazama tumbo, akatabasamu mpaka macho yakamlowa. Akafungua ncha ya kanga yake akatoa kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na udongo wa kula, ule mwekundu wanaouza sokoni, wanaoutamani wenye mimba.

"Nilijua tu Mungu hakuachi," akasema. "Nisamehe shoga yangu, nilikufikiria vibaya. Wa miezi mingapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Yeye alikuwa ameshanawa kwa maji ya kikombe changu, ameshaingiza mkono kwenye sinia, anafinyanga tonge la wali wangu na kulila bila wasiwasi, anaongea na kutafuna, ananipangia nani atanipa nguo za mtoto na nani nisimruhusu anishike tumbo. Nilikuwa nimemkosa mno. Nikavunja kipande cha udongo, nikala.